Upasuaji wa Unene: Nilichochagua na Nilichoficha

(Hotuba iliyotolewa bwaloni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa kwa ombi la wanachama.)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze, alipendekeza mada ya maadili katika utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba mada hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kuitoa nimekwisha kuitoa mara nyingi mno, nikamwomba ruhusa nizungumzie tumbo langu. Alidhani natania. Nilipomweleza sababu, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Haya, kaka, njoo useme."

Sababu ni hii. Mlionikuta hapa mwaka 2021 mliona mtu wa kilo 138. Mlionikuta mwaka 2023 mliona mtu wa kilo 93, suruali imekunjwa kiunoni na mashavu yameingia ndani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini nikiwa kwenye foleni ya chakula, papa hapa, nilisikia minong'ono nyuma yangu, na ndugu yangu mmoja, ambaye nampenda sana, alinishika mkono muda mrefu kuliko ilivyo desturi akaniambia nijipe moyo, siku hizi dawa zipo na watu wanaishi. Nilimshukuru. Sikumwambia lolote. Nilipomsimulia mama watoto jioni ile alicheka sana, kisha akaacha kucheka akaniuliza, "Kwa nini hukuwaambia?" Swali hilo limenisumbua tangu siku ile. Basi leo nasema: sikuwa na ugonjwa mlioudhani, na hata ningekuwa nao, usingekuwa ugonjwa wa kunong'onezana. Nilikwenda India mwaka 2022 nikakatwa tumbo ili nipungue unene.

Wa mwaka wetu watakumbuka kwamba bwenini nilikuwa naitwa Sindano, kwa wembamba wangu. Watakumbuka pia kijana wa Kidato cha Pili tuliyemwita Tani. Mimi ndiye niliyembandika jina hilo, na kila alipoingia bwaloni nilikuwa wa kwanza kugonga sahani. Mwenzetu huyo yuko hapa leo, afya yake njema kuliko yangu. Nilimwomba radhi kwa simu na sasa namwomba mbele ya watu, maana kosa lilitendeka mbele ya watu.

Namna Sindano alivyofika kilo 138 haina maajabu: kiti cha ofisi, semina, chai ya saa nne na sambusa zake, gari mpaka mlangoni, na nyama choma ya Ijumaa inayoendelea hadi Jumamosi. Wala si mimi peke yangu. Takwimu za nchi yetu za mwaka 2015/16 zilionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Kwangu unene ulikuja na wenzake: kisukari, shinikizo la damu, magoti, na kukoroma kwa namna ya kukata pumzi usingizini hata mama watoto akawa halali, anahesabu pumzi zangu. Mara tatu nilijinyima chakula nikapungua zaidi ya kilo 10, na mara tatu zikarudi na nyongeza. Nilijiona mtu dhaifu wa nia. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mwili uliozoea uzito mkubwa huutetea uzito huo kwa kuongeza njaa na kupunguza matumizi ya nguvu. Nia njema peke yake mara nyingi hushindwa vita hivyo.

Madaktari wana kipimo chao: wanachukua uzito wa mtu kwa kilo, wanaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina mita 1.72, hivyo nilipokuwa na kilo 138 nilipata 46 na ushee. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Marekani mwaka 1991 uliamua kwamba upasuaji unamfaa mwenye 40 na kuendelea, au 35 kama ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vililegeza: 35 inatosha hata bila maradhi, na mwenye kisukari aweza kufikiriwa tangu 30. Kwa hiyo kwa kipimo chochote mimi nilikuwa ndani ya mlango.

Sasa, ndugu zangu, mimi ni afisa ugavi. Kazi yangu ya miaka 18 ni kulinganisha zabuni. Nilisoma Historia, Jiografia na Uchumi, si sayansi, na madaktari waliomo humu watanisahihisha nikikosea. Nilifungua faili nikaanza kulinganisha upasuaji mmoja na mwingine kama ninavyolinganisha wazabuni, na safu ya kwanza niliyoichora ilikuwa ya kilo zinazopungua. Daktari mmoja wa hapa nyumbani, rafiki yangu, aliiona akaniambia nimeanza vibaya. Akanisimulia habari za upasuaji wa kwanza kabisa.

Mwaka 1954 wapasuaji wa Minnesota, Marekani, walitangaza njia ya kuukata utumbo mwembamba karibu na mwanzo wake na kuuunga karibu na mwisho wake, ili chakula kipite haraka bila kufyonzwa. Njia hiyo ilitumika kwa miaka mingi. Watu walipungua kweli kweli, na kwa safu yangu ya kilo ingeshinda zabuni. Lakini waliharisha bila kukoma, wakapata mawe ya figo, na baadhi yao ini likaharibika wakafa. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa. Rafiki yangu akasema, "Safu ya kwanza iwe hii: baada ya miaka 10 itakuwa inakudai nini, na wewe unaishi wapi?" Mimi kituo changu cha kazi kiko mkoani, mwendo wa basi wa kutwa nzima kutoka Dar es Salaam. Nilichora safu upya.

Nianze na mkanda, maana habari yake ni fupi. Ni pete ya mpira laini inayofungwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula, yenye mrija unaofika chini ya ngozi, ili daktari aweze kuingiza maji kwa sindano na kuikaza au kuilegeza. Haukati kitu, na ukitaka unatolewa, ndiyo maana ulipendwa sana miaka ya 2000 baada ya Marekani kuuruhusu mwaka 2001. Lakini hudai kwenda kukazwa na kulegezwa mara kwa mara, huteleza, wakati mwingine hula ukuta wa tumbo, na wengi waliowekewa wamerudi kutolewa. Kwa mtu wa mkoani asiye na fundi wake karibu, niliufuta siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa safu upande wa pili kuna upasuaji mkubwa kuliko wote, uliotokana na kazi ya Nicola Scopinaro wa Genoa, Italia, aliyeuanza mwaka 1976, na baadaye ukaboreshwa Marekani na Kanada. Tumbo hupunguzwa, kisha sehemu kubwa ya utumbo mwembamba huepushwa na chakula, hivyo nyongo na maji ya kongosho hukutana na chakula karibu na mwisho tu. Kwa kilo na kwa kisukari, hakuna unaoushinda. Deni lake nalo halina mfano: protini hupungua mwilini, mafuta hayafyonzwi vizuri na vitamini zinazosafiri na mafuta hupotea nayo. Vitamini A ikipungua mtu haoni usiku. Anayeufanya anatakiwa kupima damu maisha yake yote na kumeza vidonge kila siku bila kukosa. Nikajiuliza hospitali yetu ya wilaya ingenipimia vitamini A kwa kitu gani, nikaufuta huo nao.

Wakabaki wawili, na hapa ndipo naomba mnisikilize, maana asilimia kubwa ya wanaopasuliwa duniani leo hupata mmojawapo kati ya hawa.

Wa kwanza niliuita mkono wa kanzu. Mpasuaji hutoboa matundu madogo kama matano, hujaza hewa tumboni apate nafasi, kisha hupitisha mpira wa kupimia kutoka kinywani mpaka kwenye tumbo la chakula, na kwa mashine inayobana na kukata kwa pamoja hukata tumbo kando ya mpira huo. Kiasi cha robo tatu ya tumbo au zaidi hutolewa nje moja kwa moja, na kinachobaki ni mrija mwembamba kama mkono wa kanzu. Utumbo hauguswi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ambayo wanasayansi wa Japani waliigundua mwaka 1999, na kwa sababu hiyo mtu hukosa njaa kwa muda hata akiona pilau. Cha kushangaza ni kwamba hakuna aliyeubuni uwe upasuaji kamili. Karibu na mwaka 2000 ulikuwa hatua ya kwanza tu ya ule upasuaji mkubwa, kwa wagonjwa wazito mno ambao wasingeweza kuvumilia nusukaputi ya muda mrefu. Wengi wao wakapungua vya kutosha, wakawa hawarudi kwa hatua ya pili. Leo ndio unaofanywa zaidi duniani. Ila ukishakatwa hakuna kurudisha.

Wa pili ni mchepuo, kama barabara ya mchepuo inayolikwepa jiji. Ulianzishwa na Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa pamoja na Chikashi Ito mwaka 1966. Unavyofanywa siku hizi, juu ya tumbo hutengenezwa kijifuko kidogo cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Utumbo mwembamba hukatwa na ncha yake ya chini kuinuliwa na kuungwa na kijifuko hicho, kisha ncha ya juu inayoleta nyongo huungwa mbele zaidi, umbo linakuwa kama herufi Y. Mshono huo wa herufi Y ni wa zamani, una jina la Mswisi César Roux. Chakula hulikwepa tumbo kubwa na mwanzo wa utumbo. Tumbo la zamani halitolewi, limebaki ndani bila kazi ya kupokea chakula.

Mchepuo ndio uliowafumbua macho watu kuhusu kisukari. Waganga wa North Carolina waliandika mwaka 1995 kwamba wagonjwa wao wengi wa kisukari waliofanyiwa mchepuo sukari ilirudi kawaida katika siku chache, kabla hata unene haujapungua, maana utumbo ukipokea chakula kwa njia mpya hubadilisha homoni zake. Baadaye huko Cleveland walifanya jaribio la kura, na majibu ya miaka mitano yalitoka mwaka 2017: waliofikia sukari ya kiwango cha chini walichokiweka walikuwa 5 kati ya 100 kwa dawa tupu, 23 kwa mkono wa kanzu, na 29 kwa mchepuo. Mtaona kwamba mchepuo unaongoza, na mtaona vilevile kwamba walio wengi hawakufika hapo kwa njia yoyote. Anayeuza upasuaji kwa kuwaahidi watu kwamba kisukari kitakwisha, mwogopeni.

Kuna ndugu yake mchepuo, wenye mshono mmoja badala ya miwili, ulioanzishwa na Robert Rutledge mwaka 1997, na India wanaupenda kwa kuwa huchukua muda mfupi. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2019 lilionyesha kwamba unapunguza uzito sawa na ule wa Y kwa miaka miwili, lakini walioharisha na kupungukiwa lishe walikuwa wengi zaidi. Niliuacha.

Katika kulinganisha wawili waliobaki, Wafini ndio walionisaidia. Walichukua wagonjwa 240, wakapiga kura nani apate mkono wa kanzu na nani mchepuo, wakawafuata miaka 10. Majibu ya mwaka 2022 ni haya: waliopata mkono wa kanzu walikuwa wamepoteza kwa wastani asilimia 43.5 ya uzito wa ziada, wa mchepuo asilimia 50.7. Uzito wa ziada ni ule unaozidi kiwango cha afya. Mimi kwa urefu wangu kiwango ni kilo 74, kwa hiyo wa ziada ulikuwa kilo 64; leo nina 97, nimepoteza 41, ambazo ni asilimia 64 hivi. Waingereza nao mwaka 2025 walitoa majibu ya jaribio lililokuwa na watu zaidi ya 1,300. Baada ya miaka mitatu, waliopoteza angalau nusu ya uzito wa ziada walikuwa 68 kati ya 100 kwa mchepuo, 41 kwa mkono wa kanzu, na 25 kwa mkanda.

Lakini faili la Wafini lina mstari mwingine, na ndio ulionihusu mimi. Baada ya miaka 10 walitazama umio za wagonjwa kwa kamera. Wenye michubuko iliyosababishwa na tindikali inayopanda kutoka tumboni walikuwa 31 kati ya 100 kwa mkono wa kanzu, na 7 kwa mchepuo. Sababu si ngumu kuielewa. Mrija mwembamba una msukumo mkubwa ndani yake, na kwa kuwa njia ya chini ina mlango, tindikali hupanda juu. Kijifuko cha mchepuo kina tindikali kidogo sana na njia iko wazi. Kwa hiyo mwenye kiungulia kikubwa tangu awali, madaktari wengi humshauri mchepuo.

Mimi nilikuwa na kiungulia tangu chuo kikuu.

Nililijua hilo. Nimeusoma mstari huo, nimeupigia wino mwekundu kwa mkono wangu. Lakini bei ya mchepuo ilizidi kama kwa robo, na fedha zenyewe ni mkopo wa mshahara nitakaoumaliza mwaka 2028. Isitoshe, mchepuo ulinitisha kwa vidonge vyake vya maisha, na mwenzangu wa ofisini alikuwa amefanyiwa mkono wa kanzu akarudi kazini baada ya wiki tatu. Fomu ya hospitali iliuliza kama nina kiungulia. Nikaandika: Hapana. Kamera ikaonyesha wekundu kidogo chini ya umio, na mpasuaji, mtu mpole wa miaka 60 hivi, akaniuliza mara ya pili. Nikamwambia labda ni pilipili ya chakula cha kwao. Alicheka, akaandika.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nimewaondoa wazabuni kwenye mashindano kwa kuficha jambo dogo kuliko hilo.

Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Wiki mbili kabla nilikunywa vitu vyepesi tu ili ini lipungue, maana ini la mtu mnene huziba njia ya mpasuaji. Siku ya pili nilitembea kwenye ujia wa wodi, ya nne nikatoka. Hatari za siku hizo ni mshono kuvuja, damu, na damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu. Katika hesabu ya Marekani ya mwaka 2009 iliyohusu wagonjwa zaidi ya 4,700, waliokufa katika siku 30 walikuwa kama 3 kwa kila 1,000. Mwezi wa kwanza ni supu na uji mwepesi kwa vijiko. Nilikaa mezani na wanangu nikilia machozi kwa kukosa cha kutafuna, wala si kwa njaa.

Faida nimeipata, siwezi kuikana. Dawa za kisukari niliacha mwezi wa tatu kwa idhini ya daktari, na mpaka leo sukari iko sawa. Za shinikizo la damu zilikuwa tatu, sasa ni moja. Mama watoto analala. Natembea kwenda kazini dakika 35, na vijana wa bodaboda walionizoea wananiuliza kama nimefilisika.

Kiungulia nacho kikaja na jamaa zake wote. Kwanza ilikuwa baada ya chakula, baadaye usiku, mpaka nikawa nalala kwenye mito mitatu na kuamka na tindikali kooni. Nikameza omeprazoli asubuhi na jioni. Mwaka 2024 nilitazamwa tena kwa kamera: vidonda kwenye umio. Nilimwandikia mpasuaji wangu nikamweleza yote, pamoja na habari ya pilipili. Alijibu siku hiyo hiyo, bila neno la lawama, kwamba dawa ya kudumu ni kugeuza mkono wa kanzu kuwa mchepuo, na kwamba upasuaji wa mara ya pili una hatari zaidi ya ule wa kwanza. Robo ya bei niliyoikwepa nitailipa mara kadhaa.

Yuko mwenzetu mwingine wa shule hii aliyeniruhusu nimseme bila jina. Yeye alifanyiwa mchepuo nje ya nchi, akawaambia watu wote kwamba ni mazoezi na kuacha wanga. Mgongo ulipomuuma, duka la dawa likampa diklofenaki, akazimeza kwa wiki kadhaa. Dawa za jamii hiyo hazitakiwi kwa mtu wa mchepuo, maana huleta kidonda pale kwenye mshono, na sigara hali kadhalika. Usiku mmoja kidonda kilitoboka. Waliompokea hospitali hawakujua ndani kumebadilishwa, na mkewe hakujua, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwaambia. Alipona baada ya siku 19. Sasa anatembea na kadi kwenye pochi iliyoandikwa aina ya upasuaji, tarehe, na dawa asizotakiwa kupewa. Nami ninayo, hii hapa.

Kwa hiyo kama kuna anayefikiria jambo hili, nami najua wapo kwa kuwa wawili wamenipigia simu wiki hii, safu za faili lake ziwe hivi. Una kiungulia? Kisukari chako ni cha miaka mingapi? Ukiwa na mchepuo utahitaji chuma, kalisi na vitamini B12 maisha yote, na hata mkono wa kanzu hudai vitamini na vipimo vya damu. Je, unapoishi vinapatikana, na utavilipia mwaka wa kumi kama wa kwanza? Nani atakupokea utumbo ukijisokota, maana mchepuo huacha upenyo ndani ambamo utumbo huweza kuingia na kubanwa? Na pombe, kaka zangu: baada ya mchepuo hasa, bia moja hupanda kichwani kama tatu, na wapo waliogeuka walevi ambao hawakuwa walevi. Mwanamke asubiri mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Mwambieni dada zenu, kwani nchi nyingi wanaopasuliwa zaidi ni wanawake.

Mtaniuliza kuhusu puto. Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila imekuwa ikitoa huduma hiyo: puto huingizwa tumboni kwa njia ya kinywa bila kupasua, hujazwa, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Linasaidia kwa muda, ila likitoka njaa hurudi na kazi hubaki kwa mwenyewe. Na zipo sindano mpya za kila wiki. Katika majaribio ya mwaka 2021 semaglutidi ilipunguza kama asilimia 15 ya uzito wa mwili, na tirzepatidi iliyofuata ilifika karibu 20. Ukiziacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Bei yake kwa mwezi sitaitaja mbele ya wanafunzi. Nimefurahi tu kwamba jina langu la bwenini limepata heshima.

Je, upasuaji unarefusha maisha? Wasweden walianza mwaka 1987 kuwafuata watu kama 2,000 waliopasuliwa na wengine kama hao wasiopasuliwa. Mwaka 2020 waliandika kwamba waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka 3 zaidi ya wenzao, lakini bado pungufu ya watu wa kawaida kwa miaka 5 na nusu. Nimezikubali hizo miaka 3. Binti yangu wa mwisho yuko darasa la pili.

Nimeomba likizo ya mwezi wa tisa kwa ajili ya upasuaji wa pili. Safari hii fomu nilijaza na mama watoto amekaa pembeni, na kwenye swali la kiungulia ameandika yeye mwenyewe.

Naona wapishi wanachungulia mlangoni.  Mkifika mezani msinisubiri, mimi hutumia dakika 40 kwa nusu sahani, na mwenye swali anikute hapo hapo nikitafuna.